Sharti Ambalo Mama Hakulitoa

Matokeo ya mtihani wa hisabati yalibandikwa asubuhi, na mpaka alasiri Mpima alikuwa hajatokea ofisini kwa Mwalimu.

Mwalimu alijua amefaulu, maana yeye mwenyewe ndiye aliyesahihisha. Alijua pia kwamba mtu aliyeanguka somo hilo mara mbili, kisha akalipita, hukimbia kumwambia mpenzi wake kabla hata hajamaliza kusoma jina lake ubaoni. Sasa huyu yuko wapi? Alifungua dirisha, akalifunga. Alipanga chaki ndani ya kopo kwa rangi, nyeupe huku na za bluu kule, kazi ambayo hata mtoto wa chekechea angeionea haya.

Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba mwishoni mwa korido ya idara ya hisabati. Ilikuwa na meza mbili, moja yake na moja ya mwenzake aliyestaafu, ambaye nafasi yake haikujazwa na mtu. Kiti kile kitupu alikuwa amekizoea kiasi kwamba jioni nyingine alijikuta anakiaga akitoka.

Wanafunzi walimwita Mama Epsiloni. Lilianza kama utani, kwa kuwa kila kipindi cha vikomo alikifungua kwa maneno yaleyale: "Chukueni epsiloni yoyote, ilimradi ni kubwa kuliko sifuri." Hana mtoto mwingine, wakasema, ana epsiloni tu. Hawakujua kwamba aliwasikia, na kwamba siku hiyo chakula chake cha mchana alikila akiwa amefunga mlango.

Mpima hakuwahi kumwita hivyo. Alikuja darasa la jioni akiwa mtu mzima tayari, mpima ardhi wa halmashauri, mjane mwenye binti aliyekuwa shule ya bweni, shingo imeungua jua na viatu vina udongo wa viwanja vya watu. Alikaa mbele kabisa kwa sababu macho yake, alisema, yalikuwa yamezoea kuona mbali tu.

Jioni moja Mwalimu alikuwa akiwaeleza kikomo cha mfuatano wa namba.

"Huu ni mchezo wa watu wawili," aliwaambia. "Mmoja mbishi, mmoja mvumilivu. Mvumilivu anadai namba zake zinaelekea kwenye mbili. Mbishi anasema, sikuamini, nataka ziikaribie mbili kwa kiasi hiki hapa. Hicho kiasi ndicho epsiloni. Mvumilivu hakasiriki. Anatafuta, anamjibu: kuanzia namba ya mahali fulani na kuendelea, zote zitakuwa ndani ya kiasi chako, haitatoka hata moja. Mbishi akipunguza kiasi, mvumilivu anasogea mbele zaidi."

Mpima akanyoosha mkono. "Na huyo mbishi huwa anachoka lini?"

"Hachoki."

"Basi mvumilivu ana kazi, Mwalimu."

Darasa zima lilicheka, na Mwalimu akageukia ubao ili wasione kwamba naye anacheka.

Mtihani wa kwanza Mpima aliufanya kama anavyofanya kazi yake shambani. Alijaribu kwa kosa la sehemu moja ya kumi, akapata. Akajaribu kwa sehemu moja ya mia, akapata. Akajaribu kwa sehemu moja ya elfu, akapata tena, akaandika "imethibitishwa" na kupiga mistari miwili chini yake. Mwalimu alimpa sifuri. Kesho yake alikuja ofisini na karatasi mkononi.

"Sehemu moja ya elfu, Mwalimu! Sisi tukipima kiwanja, kosa linaloruhusiwa ni sentimita mbili. Tukiwa ndani ya hapo tunafunga tripodi, ile miguu mitatu ya kipimo, tunakwenda kula."

"Hapa hakuna kufunga tripodi. Umejibu epsiloni tatu tu. Umeacha nyingine."

"Nyingine ngapi?"

"Zote."

Alimtazama, akaitazama karatasi, akamtazama tena. "Sasa mimi nitakula lini?"

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Walikwenda kula pamoja siku hiyo, na siku nyingi baada ya hiyo, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Alasiri hiyo ya matokeo mlango uligongwa. Hakugonga kwa vidole viwili kama kawaida yake, aligonga kwa ngumi.

"Ingia! Hongera! Nimekusubiri tangu asubuhi, nikadhani umefurahi mpaka ukapotea njia..."

Mpima aliingia, akabaki amesimama. Kile kiti kitupu alichozoea kukivuta na kukikalia kinyumenyume hakukigusa.

"Nimetoka kwa mama yako," alisema.

"Kwa mama? Kufanya nini?"

"Kumshukuru. Nilijiambia, huyu mama ndiye aliyenisukuma mpaka nikafika hapa, si vizuri habari aisikie kwa mtu mwingine. Nikafika, nikasalimia, nikamwambia, mama, lile sharti lako la digrii limekwisha. Somo lililokuwa limenikaba nimelipita. Mkwe wako sasa ni msomi."

Mwalimu alijua neno linalofuata kabla halijasemwa.

"Akaniuliza, digrii ipi, mwanangu?"

Nje, kwenye korido, mtu alipita akiburuta meza. Wote wawili walingoja kelele ile iishe.

"Nikadhani ananitania," Mpima aliendelea. "Nikamkumbusha na lile la kwanza, kwamba nihame chumba cha kupanga nitafute nyumba. Nikamkumbusha na hili la sasa, kwamba tungoje binti yangu amalize shule. Unajua alinijibu nini? Aliniuliza kama nimekuacha. Aliniambia, mimi siku zote najua wewe ndiye unayesuasua, mwanangu nimemwonea huruma lakini nikanyamaza nisije nikamwaibisha."

"Mama amezeeka. Anasahau mambo."

"Usimfanyie hivyo mama yako."

Alilisema kwa upole, na ule upole ndio uliomvunja. Mwalimu alikaa. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikapata kopo la chaki.

"Nyumba alisema nani?" Mpima aliuliza.

"Mimi."

"Digrii?"

"Mimi."

"Na binti yangu?"

"Na hilo ni mimi."

Mpima alishusha pumzi ndefu. "Likizo hii aliniuliza, baba, yule mwalimu mbona haji kwetu? Nikamjibu kwamba bibi wa upande ule anataka umalize shule kwanza. Jioni nikamkuta jikoni analia, ananiambia, kwa hiyo mimi ndiye kikwazo? Nikamwambia hapana. Nikamtetea hata mama yako, nikasema wazee wana sababu zao. Na wala hakuwa mama yako."

"Sikujua kama alilia."

"Ungejuaje? Hukuwepo. Masharti ulikuwa unayatuma kupitia mimi, kama barua."

"Niache nikueleze."

"Nieleze. Ndicho nilichokuja kusikiliza."

Mwalimu alimtazama yule mtu aliyesimama mbele yake, suruali yake ya kazini ina vumbi magotini, na alimpenda kwa namna iliyomuuma kifuani. Alitamani kumwambia hivyo. Badala yake alianza na habari za mwingine.

"Kabla yako kulikuwa na mhasibu," alisema. "Sikumwekea sharti hata moja. Aliniomba, nikakubali hapohapo. Nguo zikashonwa, ndugu wakajulishwa, akawa anakuja nyumbani kila jioni, anakaa, ananiangalia. Kadiri alivyonizoea ndivyo alivyopungua maneno. Kisha siku moja akasema ameona hatufai. Hakusema kosa langu. Alifika, akaniona kwa karibu, akaondoka."

"Mimi si mhasibu."

"Najua. Lakini ulipokuwa unatafuta nyumba, ulikuwa unakuja kwangu. Ulipokuwa unasoma, ulikuwa unakuja. Kila nikikupa kitu cha kutimiza, nakuona unasogea. Nikawa naogopa siku ambayo hutakuwa na cha kutimiza tena, umekaa tu hapo, unaniangalia mimi mwenyewe. Nikawa nalala nikiitafuta epsiloni nyingine ndogo zaidi ya kukupa. Hata leo asubuhi, jina lako likiwa ubaoni, nilikuwa natafuta."

"Umeipata?"

Hakutaka kujibu, lakini siku hiyo uongo ulikuwa umemwishia. "Nilifikiria kusema kaka yangu anataka tungoje ujenge."

Mpima alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha, akapangusa uso kwa kiganja.

"Nikuambie kitu cha kazini kwangu," alisema. "Hakuna kiwanja kilichopimwa bila kosa. Hata kimoja. Nimepima viwanja vya nusu ya mji huu, na kila kimoja kina sentimita yake iliyopotea mahali. Na watu wamejenga juu yake, wamezaa humo, wanaishi. Mimi nilikuona kwa karibu zamani sana. Unakoroma ukilala kwenye kiti. Una hasira za bure ukiwa na njaa. Nikasema, hii iko ndani ya kosa linaloruhusiwa, nikafunga tripodi. Wewe ndiye ulikuwa bado unapima."

Machozi yalimtoka Mwalimu bila taarifa. Mpima aliyaona. Mkono wake ulinyanyuka kidogo, kisha ukarudi chini.

"Kuna ile kazi ya barabara," alisema. "Kule mbali. Niliikataa kwa sababu yako. Jana wamenipigia tena kuniuliza. Nitakwenda."

Usiende. Neno lilikuwa palepale, fupi, halihitaji hata pumzi. Lakini kilichotoka mdomoni mwa Mwalimu kilikuwa kingine kabisa.

"Ukifika utanipigia?"

Mpima alikuwa tayari ameshika kitasa. Aligeuka nusu.

"Na hilo ni la mama?"

Mlango aliufunga taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Jioni mama yake alipiga simu. Mwalimu alikuwa amekaa kitandani na viatu vyake miguuni, taa hajawasha, akiangalia ukuta wa chumba ukibadilika rangi kadiri jua lilivyozama.

"Mwanangu, nimeharibu kitu?"

"Hujaharibu, mama."

"Maana yule kijana aliondoka kwangu hata chai hajaimaliza. Nimekaa nayawaza maneno yangu yote. Ulimwambia mimi ndiye niliyekataa?"

"Nilimwambia."

"Ehe." Mama alilitafuna jambo lile. "Kwa hiyo muda wote huo ananisalimia kwa adabu, ananibebea mizigo, moyoni anasema huyu kikongwe kanikalia kooni?"

"Nisamehe, mama."

"Kama ulitaka niwe mkali ungeniambia, nijiandae. Mimi nilikuwa namchekea tu kama mjinga." Sauti yake ilijaribu kuwa ya utani, ikashindwa. "Unaogopa nini wewe?"

"Naogopa akifika."

"Akifika wapi?"

"Hapa, kwangu. Aamke asubuhi aniangalie, aone ni mimi tu, hakuna kingine."

Mama alisikika akivuta kiti, akikaa.

"Baba yako aliniangalia kila asubuhi mpaka amekufa," alisema. "Na asubuhi nyingi nilikuwa sitazamiki, wewe unajua. Wala sikuwa na kingine cha kumpa. Umekula?"

"Nimekula," alisema Mwalimu, na hakuwa amekula.

"Nije nilale huko?"

"Hapana, mama. Nitakuwa sawa."

Baada ya simu nyumba ilinyamaza mno. Kulikuwa na bomba jikoni lililodondosha maji, na kikombe cha pili ambacho Mpima alikuwa akinywea, kimefunikwa kwenye kichanja cha vyombo. Alikiosha, ingawa kilikuwa safi. Kisha akalala upande wake wa kitanda, ule wa ukutani, kama kwamba kuna mtu atakayehitaji upande wa pili.

Asubuhi alikuwa na kipindi. Kazi haina simile, na vikomo havijali nani amelia. Aliingia, akaandika mfuatano ubaoni, (2n + 1)/(n + 3), akamwita msichana mmoja wa safu ya nyuma aje athibitishe kwamba unaelekea kwenye mbili.

Msichana alikuja akiwa na wasiwasi, lakini mkono wake ulikuwa mzuri. Aliandika tofauti kati ya kila namba na mbili, akarahisisha, ikabaki 5/(n + 3). Akasema hiyo ni ndogo kuliko 5/n. Kisha akaandika: chukua epsiloni yoyote kubwa kuliko sifuri, chagua N iliyo kubwa kuliko 5/epsiloni, basi kila n iliyozidi N iko ndani. Akaweka chaki chini, akapangusa mikono.

"Umejaribu epsiloni ngapi?" Mwalimu alimuuliza, kama alivyozoea kuwatega.

"Sijajaribu hata moja, Mwalimu. Jibu ni moja kwa zote."

"Vizuri sana."

"Lakini mbishi hapo anasema nini?" msichana aliuliza.

"Nini?"

"Mbishi. Ulisema ni mchezo wa watu wawili. Mvumilivu amejibu. Mbishi naye anajibu nini?"

Darasa lilicheka kidogo, likamngoja Mwalimu acheke nalo. Hakucheka. Aligeukia ubao, akausoma tena mstari wa mwisho.

"Hana la kusema tena," alijibu. "Ameshajibiwa. Anatakiwa akubali."

Aliwaruhusu kabla ya wakati, jambo ambalo wanafunzi walilisimulia bwenini wiki nzima.

Alitembea moja kwa moja mpaka kwa Mpima, nyumba ile ya bati jekundu aliyoitafuta kwa ajili ya sharti la kwanza. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani, mwanamke aliyekuwa akianika nguo, alimwambia bila kuulizwa kwamba gari la kampuni ya barabara lilikuja kumchukua asubuhi na mapema, yeye na vyombo vyake vya kupimia.

"Alisema anarudi lini?"

"Hakusema, dada. Kwani hukuagwa?"

Mwalimu alimshukuru, akaondoka haraka. Alifika ofisini, akafunga mlango, akapiga simu. Iliita mpaka karibu na kukatika.

"Niko njiani," ilisema sauti ya Mpima, na nyuma yake injini kubwa ikinguruma.

"Najua. Nimetoka kwako. Sikupigii kukuuliza kitu."

"Haya."

"Wala huna haja ya kunipigia ukifika."

"Haya."

Alifumba macho, na yale maneno aliyoyameza jana safari hii akayasukuma mpaka yakatoka.

"Nakupenda. Nilitaka uje tangu siku ile ulipokuja kugombania sifuri yako. Si mama, si kaka, mimi. Ningekufungulia mlango ukiwa na chumba chako cha kupanga, bila digrii yoyote, umembeba na binti yako mkononi. Nilikuwa nataka hivyo, na nilikuwa naogopa, nikawaumiza nyote wawili. Ndilo hilo tu."

Injini iliendelea kunguruma. Alidhani labda hakusikika, kwamba mtandao umekatika na amezungumza na hewa.

"Binti yangu sasa ni mrefu kuliko wewe," Mpima alisema. "Habebeki."

Mwalimu alicheka na kulia kwa pamoja, mkono umeziba mdomo.

"Mwambie... hapana. Nitamwambia mwenyewe, kama atataka kunisikia."

"Sijui kama atataka."

"Sawa."

"Na mimi sijui bado, Mwalimu. Nimekusikia, lakini sijui. Nimechoka."

"Sawa," alisema tena, na ilimuuma.

Hakuna aliyeaga. Mwalimu alisikia gari likibadilisha gia kupanda kilima, mtu akiomba maji, mwingine akijibu, na katikati ya yote hayo pumzi za Mpima karibu na simu. Alizisikiliza. Naye bila shaka alizisikia zake, kwa sababu hakukata. Walikaa hivyo, mmoja kwenye vumbi la barabara na mwingine kwenye chumba chenye meza mbili, mpaka simu ilipokatika yenyewe kwa kuwa salio la Mwalimu lilikuwa limekwisha.

Duka la vocha lilikuwa chini tu ya ngazi. Alinyanyuka, akafika mlangoni, akasimama. Kisha akarudi, akaiweka simu mezani, akakaa mbele yake na mikono mapajani. Mpima angeweza kupiga au asipige. Safari hii hakuwa amemwachia sharti lolote.